Daraja la Épitace
Sehemu ya tisa

Panga liko pale pale tulipoliacha, shingoni kwa Mauwa. Ninyi wiki nzima mmekunywa chai na kulala usingizi. Mwenzenu hajameza hata mate.

Manirakiza alimsukuma mpaka mgongo wake ukagonga rafu ya kaseti. Nje ya kibanda soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, lilikuwa jeupe, halina mtu. Ilikuwa asubuhi ya mgao, na kambi nzima ilikuwa kwenye foleni ya mahindi na maharage. Hata angepiga yowe, nani angeacha zamu yake?

"Mama Kaseti, mi sina maneno mingi," Manirakiza alisema. "Ile kaseti ya mwalimu Épitace. Leta."

Mama Kaseti ndilo jina ambalo kambi ilimpa Mauwa, Warundi kwa Wakongomani, na wengi hawakujua kama ana lingine. Mmanyema huyu wa Kindu, huko Kongo, alikuwa akirekodi barua za sauti. Mtu anakuja, anakaa mbele ya redio, anamsalimu mama yake aliye Uvira au Bujumbura. Kaseti inafungwa kwa karatasi na kusafiri na mfanyabiashara. Majibu yakija, yanamngoja mwenyewe juu ya rafu.

Kwa aliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nitasema upesi. Épitace Niyongabo alikuwa mwalimu wa hesabu Bujumbura. Alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, ndogo kama daftari, yenye vitufe vya mpira, ile unayoiunga na televisheni na kuilisha kwa kaseti. Miaka minne alitunga mchezo ndani yake akauita Daraja. Mwenzake Apollinaire, mwalimu wa kuchora, ndiye aliyeuchorea picha. Kampuni moja ya Ulaya ilikubali kuutoa, kisha ikaona mashine zile zimepitwa na wakati, ikanyamaza.

Mchezo haukutoka. Ulibaki kwenye kaseti moja. Wiki mbili zilizopita Épitace alipigwa kwa mpini wa jembe penye bomba la maji mpaka akafa, na siku moja kabla ya hapo alikuwa amemkabidhi Mauwa kaseti hiyo. Tangu juzi Idrissa, mume wa Mauwa, yuko mikononi mwa Apollinaire huyo huyo, mkubwa wa Manirakiza, huko Lilongwe. Wamempiga aseme kaseti iko wapi. Hajasema.

Mauwa alijivunia hilo. Pia alijua jambo moja: kaseti ikienda bila yeye, Idrissa hatarudi.

"Bwana yangu iko wapi?" aliuliza.

"Iko na patron Apollinaire. Area 23, nyuma ya soko, pale banatengeneza televisheni. Leta kaseti, atarudi leo leo."

Mwongo hana kumbukumbu. Dakika tano kabla alikuwa amemwambia kwamba Idrissa yuko Mtandire, mtaa mwingine wa Lilongwe. Mauwa alinyoosha mkono taratibu, akapapasa rafu ya pili, akatoa kaseti iliyofungwa kwa uzi mwekundu.

Manirakiza hakuwa mjinga. Alimwamuru aichezeshe kwanza, maana Apollinaire alimwambia kaseti ya kweli haina maneno, ina mlio wa kukwaruza tu, wa kuumiza masikio. Mauwa aliiweka redioni, akabonyeza.

Hakukuwa na mlio. Kulikuwa na kikohozi cha mwanamke mzee. Kisha sauti ikaanza kusalimu kwa Kirundi, polepole. Ilimsalimu Manirakiza mwana wa kwanza, Manirakiza aliyetoka nyumbani na shati moja. Ilimwambia kwamba mama yake hajafa, anaishi kwa dada yake, na anamwomba Mungu kila asubuhi.

Kaseti ile ilikuwa imengoja miezi saba. Mwenyewe hakuwahi kuja kuiulizia, kwa kuwa aliamini hana tena mtu wa kumwandikia.

Panga lilishuka lenyewe. Manirakiza alipiga magoti mbele ya redio, akaweka sikio karibu na spika, mdomo wazi. Mauwa alimwonea huruma kweli, na alijionea haya. Hata hivyo aliinama, akalishika kwa mikono miwili lile betri la gari lililoendesha redio, akaling'oa kwenye nyaya, akalinyanyua mpaka kifuani na kuliachia.

Lilitua kwenye kiwiko cha Manirakiza. Mfupa ulilia, panga likaruka. Betri lilipasuka sakafuni na maji yake makali yakamrukia usoni. Alijiviringisha akijifuta macho kwa mkono mmoja, na kila alipojifuta ndipo yalipozidi kumuunguza. Alimwita mama yake, na sasa redio ilikuwa imenyamaza.

Mauwa alimmwagia ndoo nzima ya maji ya kunywa usoni, ndoo aliyoipangia foleni tangu jana. Aliichomoa kaseti ya uzi mwekundu, akamtia mkononi. Kisha akachukua panga, akalitupa chooni, akaondoka.

Kaseti ya Épitace ilikuwa kiunoni mwake, chini ya kitenge, muda wote huo.

Alipata matola, pikapu ya kubeba watu na mizigo, iliyopakia mahindi ya kuuza mjini, akaketi juu ya magunia pamoja na kuku wanne na mhubiri. Mhubiri alimwuliza mara mbili kwa nini kitenge chake kina matundu yanayozidi kupanuka. Maji ya betri yalikuwa yakila kitambaa. Mauwa alijibu kwamba ni panya.

Kati ya Mtandire na Area 23 alichagua penye televisheni, maana kaseti ile bila televisheni haina kazi, akashuka jua likiwa utosini. Karakana haikumpa tabu kuiona: nje palikuwa na televisheni kumi na mbili zilizotobolewa matumbo. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha, mkono ukamvuta ndani kwa nywele, na kofi la kwanza likampasua mdomo.

Apollinaire alikuwa mwembamba, mwenye miwani na mikono safi. Alifunga mlango kwa komeo, akajifuta vidole kwa leso.

"Manirakiza iko wapi?"

"Anasikiliza barua ya mama yake," Mauwa alisema. Alitema damu.

Idrissa alikuwa kwenye kiti, amefungwa kwa waya wa antena uliozama nyamani mwa mikono. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Meno mawili ya mbele hayakuwapo. Mauwa alitaka kulia, akakumbuka hakuja kulia. Alifungua kitenge na kuonyesha kaseti.

Hapo Idrissa alinena neno lake la kwanza, na halikuwa la kujiombea.

"Mama, usimupe. Usiiweke ile kitu. Choma."

Apollinaire alimpiga ngumi tumboni bila kumtazama, kama mtu afungavyo droo. Idrissa alipopata pumzi alirudia lile lile. Choma. Mauwa alimpenda siku hiyo kuliko siku ya ndoa. Hapa mume anapigwa kwa siku ya tatu, na bado anailinda amana ya marehemu.

Mezani kulikuwa na televisheni nzima, na mbele yake kompyuta ndogo yenye vitufe vya mpira. Apollinaire alikuwa ameiokota kwa Mhindi mmoja wa mjini aliyekuwa akitupa vitu vya wanawe wakubwa. Miezi sita ameitunza kwa ajili ya kaseti hii.

Mauwa alimwuliza kwa nini mtu mzima anaua kwa ajili ya mchezo wa watoto. Pengine Apollinaire hakuwa amepata wa kumweleza kwa muda mrefu, maana alivuta kiti akajibu, na sauti yake ilikuwa ya darasani kabisa.

"Oktoba ya tisini na tatu, kulikuwa liste, orodha ya wanafunzi ba kuuawa. Njo mimi nilisoma ile liste, pale kwa daraja. Wale askari walikuwako wote walikufa. Nilibaki na watu wawili wenye banajua. Épitace, alijificha mu matete, aliona yote. Na dereva wa camion, ile lori yenye ilibeba batoto. Huyu dereva hakushuka mu kabine, sura yake sikuiona hata siku moja." Alivua miwani, akaipangusa. "Épitace alisema mbele za watu kama aliandika yote mu mchezo, kwa mwisho, kabla ya kukimbia Burundi. Bon. Nataka kuona yeye alijua nini. Pengine ule dereva alimujua."

Aliiunga redio yake na kompyuta kwa waya, akaweka kaseti. Mistari ya rangi ilianza kukimbia pembeni mwa kioo. Kompyuta ilikuwa inaisikiliza kaseti, na kazi hiyo huchukua dakika tano nzima. Katika dakika ya pili mistari ilisimama, na neno la kosa likatokea.

Apollinaire alichukua koleo mezani. Alikamata kidole kidogo cha Idrissa, akakikunja upande usiokunjika.

Sitawaelezea mlio ule. Mauwa aliusikia, inatosha.

Alirudisha kaseti mwanzo, akaongeza sauti, akajaribu tena. Safari hii ilifika dakika ya tatu. Kosa. Kidole cha pete kikafuata cha kwanza, na Idrissa akajitapikia.

"Umeleta kaseti mbovu, Mama Kaseti."

"Kaseti ni nzima. Redio yako njo mbovu." Mauwa alijilazimisha kusema polepole. "Hii ilirekodiwa kwa mashine ingine. Kichwa ya redio yako imelala kidogo. Nipe bisibisi, ile kadogo ya saa."

Kazi hii kila anayerekodi barua kambini anaijua. Kaseti inatoka Kindu, redio iko Malawi, sauti inatoka nzito kana kwamba msemaji ana unga mdomoni. Pembeni ya kichwa kinachosoma utepe kuna skurubu moja. Unaizungusha kwa unywele tu, huku sikio likisikiliza, mpaka sauti inyooke. Mauwa alikuwa amewafufulia watu mama zao kwa skurubu hiyo mara mia.

Apollinaire alimpa bisibisi. Aliweka kisu kwenye koo la Idrissa kwanza, kisha akampa.

Mauwa aliinama. Ule mlio wa kukwaruza ulimjaa masikioni. Aligeuza kushoto, ukafifia. Aligeuza kulia, kidogo, kidogo tena, mpaka ukawa mkali na safi. Nyuma yake Idrissa alikuwa akinong'ona asifanye hivyo, aiache. Aligeuza kidogo tena.

Mistari ilikimbia dakika tano bila kukatika. Kioo kikawa cheusi, kisha daraja likajichora.

Hata Apollinaire alisahau kisu kwa muda. Ilikuwa kazi ya mkono wake: matete, mto, mlinzi mwenye kofia kubwa katikati ya daraja. Mtu mdogo mweupe anatakiwa kuvuka, na kila mara mlinzi humdai karatasi. Apollinaire alibonyeza vitufe kwa kidole kimoja, akavuka mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Alicheka kwa furaha kabisa mtu mdogo aliporuka shimo. Mauwa alimwogopa zaidi alipocheka.

Katika kuvuka kwa mwisho mlinzi hakudai karatasi. Alivua kofia. Uso wa nukta nukta ulikuwa mwembamba, wenye miwani.

Kisha majina yakaanza kupanda kutoka chini ya kioo, moja moja. Sinzinkayo, mwaka wa nne. Irankunda, mwaka wa tatu. Adolphe, mwaka wa tatu. Juu yao kulikuwa na mstari mmoja usiosogea: ALIYESOMA ORODHA NI MWALIMU APOLLINAIRE.

Apollinaire aliacha kucheka. Aliichomoa kaseti, akavuta utepe wote nje kwa ngumi, mita kwa mita, akautupa kwenye bati la mkaa alipochemshia risasi ya kuungia nyaya. Ulinywea, ukatoa moshi mweusi. Miaka minne ya Épitace ilikwisha kwa muda wa kupiga chafya. Majina yaliendelea kupanda kiooni, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imekwisha kuyameza, lakini waya wa umeme nao ulikuwa karibu na mkono wake, na ukichomolewa yangepotea.

Aligeuka. Alimshika Idrissa kwa nywele, akaivuta shingo nyuma, kisu kikaanza kuchana ngozi. Damu ilishuka kifuani.

"Barua zimekwenda," Mauwa alisema.

Kisu kilisimama.

"Barua gani?"

"Jumatatu. Barua makumi tatu na nane. Sumaili, ule mfanyabiashara, alizibeba, saa hii amevuka Kigoma. Mi niko na redio ya kaseti mbili, mwalimu. Kila barua nilirekodi salamu za mutu, na nyuma ya salamu niliweka ile mlio yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Bantu ba kule bakifika hapo batasema kaseti imeharibika. Batafunga redio, bataiweka." Alipangusa damu mdomoni. "Moja imekwenda shuleni kwenu Bujumbura, kwa mwalimu Ntahomvukiye. Épitace aliniambia ile chumba ya hesabu ingali na mashine tatu za hivi. Yeye hatafunga redio."

Hakuwa anatishia bure. Épitace ndiye aliyemwambia kwamba mchezo wenye kaseti moja ni mgonjwa, kaseti ikipotea nao umekufa, na Mauwa aliyasikia maneno hayo kama mtu wa kazi yake. Huko kwao barua ikishakabidhiwa msafiri haizuiwi wala haifunguliwi. Mtu anaweza kuibiwa nguo njiani, akafika na barua ya watu.

"Utatuua, utafanya nini na zile makumi tatu na nane?" aliuliza. "Mufungue bwana yangu. Anza kukimbia leo. Sisi hatukufuati."

Kuna watu wakishindwa hupiga kelele. Apollinaire alitabasamu kidogo, kama mwalimu aliyekuta jibu sahihi kwenye daftari la mwanafunzi mbaya. Alishusha kisu. Alilisukuma koleo mezani kuelekea kwa Mauwa, akamwambia akate nyaya mwenyewe.

Tazama basi, wasomaji. Mwanamke wa barua amemshinda muuaji kwa salamu za watu wa Kindu. Mauwa alichukua koleo. Alikata waya wa mkono wa kulia. Aliinama kukata wa kushoto, akaona kwamba Idrissa hamtazami yeye. Jicho lake moja lililobaki lilikuwa kwenye televisheni, na lilikuwa na woga ambao koleo halikuwa limeuleta.

"Zima ile," Idrissa alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nakuomba. Zima."

Mauwa aligeuka.

Jina la thelathini na moja lilikuwa limekwisha kupanda. Kioo kilikuwa tupu, daraja peke yake. Kisha upande wa kushoto lori likaingia, dogo, la kijani kibichi, likivuka taratibu na vichwa vya wanafunzi vikionekana juu ya bodi. Picha hii Apollinaire hakuichora. Épitace aliichora mwenyewe, vibaya, kwa kukumbuka. Lori lilifika katikati ya daraja, likasimama.

Mlangoni mwake kulikuwa na maneno mawili. MAUWA USILIE.

Mnajua jinsi wenye malori wanavyoandika milangoni. Huyu anaandika Mungu ni Mkubwa, yule anaandika Wivu Haujengi. Idrissa aliandika yale juma walilomzika mtoto wao wa kwanza. Mama yake Idrissa alinunua rangi. Kindu nzima ililijua lori lile. Septemba ya tisini na tatu, mwezi mmoja kabla ya daraja, Idrissa alirudi nyumbani kwa miguu, akaapa kwa Mungu kwamba wanajeshi wamemnyang'anya pale Uvira. Wiki iliyofuata akasafiri kwenda kulitafuta, akakaa miezi miwili, na Mauwa alikuwa amemsikitikia.

Choma, alimwambia leo. Choma. Hakuwa akilinda amana ya mtu, alikuwa akilificha lori lake.

Wanafunzi thelathini na moja walikaa pale juu ya bodi, chini ya jina la Mauwa. Na zile kaseti thelathini na nane, alizozirekodi usiku na mchana kwa mkono wake, zilikuwa zimebeba lori hilo. Ya kwanza kabisa ilikwenda kwa mama mkwe wake.

Idrissa alifungua mdomo. Mauwa alirudi nyuma hatua moja.

Nyuma yao Apollinaire alikuwa ameisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa akisoma kwa kutikisa midomo. Miaka mitatu alimtafuta dereva yule, na Épitace hakumwachia jina la dereva, ila jina la mwanamke aliyeandikwa mlangoni mwa lori. Alisimama wima. Alimtazama mwanamume mwenye mkono mmoja uliofunguliwa, kisha mwanamke mwenye koleo. Kisu kilirudi mkononi, na sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Mama Kaseti," alisema, "jina yenye wazazi walikupa ni nani?"